Supu ya Samaki Kabla ya Kulazwa

Treni ilipoanza kupunguza mwendo, kinyozi aliusugua tena ubavu wa ulimi wake kwenye magego, pale penye kidonda, kama mtu anayesukuma mlango aone kama bado umefungwa. Kilikuwapo. Kigumu, mfano wa punje ya mahindi iliyojipenyeza chini ya ngozi.

Mbele yake alikaa shemeji yake, kaka wa mkewe, mwashi mwenye viganja vilivyokauka kwa saruji. Alikuwa amepakata mfuko wenye shuka, taulo na sabuni. Vitu vya mtu anayekwenda kulazwa. Kinyozi alijitahidi asiutazame.

Kwa miezi kadhaa aliwaambia watu kwamba amejiuma tu. Kibandani kwake watu walikuja kunyolewa, lakini zaidi walikuja kumsikiliza. Angeweza kukusimulia mechi ambayo hakuiona, ukaapa yeye ndiye aliyekuwa mwamuzi. Kisha mkewe akaona damu kwenye povu la dawa ya meno, na mzaha ukaishia hapo. Daktari wa hospitali ndogo ya kwao alimmulika kwa tochi, akamulika tena, akasema panahitaji kukatwa, na kazi hiyo ifanyike mjini.

"Patakatwa kiasi gani?" kinyozi aliuliza.

"Watakaofungua ndio watakaojua."

Leo ilikuwa siku ya kulazwa. Kesho kisu.

"Shemeji," alisema waliposhuka, "tule kwanza. Mji huu unasifika kwa vyakula vya barabarani. Siwezi kwenda na njaa kwa watu watakaonikata ulimi."

"Wamesema tufike mapokezi kabla ya alasiri."

"Alasiri iko mbali. Njoo!"

Walianzia nyuma ya stesheni, kwa kijana aliyekaanga viazi kwenye karai pana. Kinyozi alionja kimoja, akatikisa kichwa. Mafuta yamechoka, alisema, yamekaanga tangu juzi. Mtaa wa pili walikuta nyama ya kuchoma, na moshi wake ulikuwa mtamu hata wapita njia walipunguza hatua. Hapo kinyozi aling'ata pande zima. Pilipili ikaingia kwenye kidonda kama msumari wa moto. Aligeuka akaukabili ukuta, akajifanya anasoma tangazo lililobandikwa pale, machozi yakimtiririka, mpaka aliporudiwa na pumzi.

"Vipi?" shemeji yake aliuliza huku anatafuna.

"Ngumu. Huyu ng'ombe alikufa kwa uzee. Tusonge mbele."

Walisonga. Kwa muuza mayai, jiko lilinuka mafuta ya taa. Kwa mama wa maharage, foleni ilikuwa ndefu. Kila mtaa kinyozi alikuwa na sababu, na kila sababu iliwapeleka mbali zaidi na lile jengo refu jeupe lenye madirisha mengi ambalo wote wawili walikuwa wameliona tangu stesheni na hakuna aliyelitaja. Mwishowe mwashi alisimama, akaweka mfuko chini.

"Shemeji, sisi hatutafuti chakula. Tunatafuta kuchelewa."

"Nani kasema?"

"Nakuuliza wewe."

Kinyozi alifungua mdomo ajibu kwa utani, kama kawaida yake. Utani haukuja. "Nina kiu," alisema. "Ninunulie maji, tafadhali."

Mwashi alivuka barabara kwenda dukani. Mgongo wake ulipopotea mlangoni tu, kinyozi aliondoka.

Hakukimbia mwanzoni. Alitembea upesi kama mtu aliyesahau pasi ya moto nyumbani, kisha akaingia uchochoro wa wauza vitambaa, na humo miguu ikaanza kukimbia yenyewe. Alisikia honi ya treni mahali fulani mbele. Akishika ile ya kurudi, aliwaza, atalala kwake, kesho atafungua kibanda, na kidonda kitajua chenyewe. Alikata kona, akakata nyingine. Honi ikasikika tena, safari hii nyuma yake. Alikuwa amepotea.

Uchochoro ulimtema kwenye uwanja mdogo uliozungukwa na kuta za maghala. Watu walikuwa wameketi kwenye mabenchi, vichwa chini, wanakula bila kuzungumza. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeshika simu. Katikati, mwanamke mnene alikoroga sufuria kubwa. Kinyozi alitaka kumwuliza njia ya stesheni, lakini alipepesuka, akajishikiza kwenye benchi.

"Kaa, baba, kaa!" mwanamke alisema upesi. "Usije ukaniangukia kwenye sufuria. Umekula leo?"

Alitikisa kichwa. Alitaka kusema kwamba hawezi pilipili, sauti ikagoma kutoka. Ndipo hofu ikamshika barabara: itakuwa hivi. Kuanzia kesho nitakuwa hivi, nimekaa mbele ya watu, nina la kusema na halitoki. Alionyesha mdomo wake kwa kidole, akapunga mkono: hapana, hapana.

"Kinauma? Basi. Hii haina pilipili. Anayeitaka anajitilia mwenyewe."

Bakuli lilipofika alipuliza, akaonja kwa ncha ya kijiko, akasubiri maumivu. Hayakuja. Ilikuwa supu ya samaki, kitunguu kimepikwa mpaka kikayeyuka, viazi vimevunjika vikaifanya nzito, na minofu ya samaki laini ikifumuka yenyewe mdomoni. Chumvi yake ilikuwa sawasawa. Kulikuwa na utamu fulani wa mwisho, uliofika baada ya kumeza, akalazimika kuchota tena autafute. Kwa wiki nyingi chakula kwake kilikuwa kazi ya kuvumilia. Hiki alikila kwa upande mzima wa ulimi, kisha taratibu akathubutu kukionja kwa ule wenye kidonda.

Na hapo katikati ya bakuli roho ikamruka. Alikuwa amekuja kutafuta chakula cha kuchelewesha kisu, na sasa alikuwa amepata chakula cha kumwonyesha ni nini ambacho kisu hicho kitamchukulia. Alishika kingo za bakuli kwa mikono miwili. Machozi yalidondoka ndani.

Simu ililia. Shemeji. Aliiacha. Ikalia tena, akaipokea.

"Uko wapi?" Sauti ya mwashi ilikuwa inatetemeka.

"Kwenye maghala," kinyozi alisema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua kwa kutoka. "Nyuma ya wauza vitambaa. Njoo, shemeji. Samahani."

Mwashi alifika amelowa jasho, mfuko begani, chupa ya maji mkononi.

"Nimekutafuta mpaka nikatazama chini ya magari! Ningemwambia nini dada yangu? Eti nilikwenda kununua maji?"

Kinyozi hakujitetea. Mwanamke wa supu alimwekea mwashi bakuli bila kuulizwa. Mwashi, bado anafoka, akachota kijiko. Akanyamaza. Akachota kingine.

"Shemeji," kinyozi alisema, "naogopa."

Mwashi aliendelea kutazama bakuli lake. "Mimi naogopa tangu tupande treni. Unadhani kwa nini nilikufuata kwenye viazi, kwenye nyama, kwenye mayai? Nami sikutaka kufika."

Walimaliza kula. Kisha mwashi akasimama, akamshika kinyozi mkono kama ashikwavyo mtoto barabarani, na hakuuachia mpaka mlango wa mapokezi, ambako karani alikuwa tayari anashusha pazia la dirisha.

Asubuhi walimsukuma kwenye kitanda cha magurudumu. Taa za dari zilipita juu yake. Kinyozi aligusa kwa ulimi kila jino, midomo, kaakaa, kila mahali ulipoweza kufika, mpaka usingizi wa dawa ukamkatiza.

Alipozinduka mdomo ulikuwa umejaa pamba na ulimi haukuwa mahali popote. Mkewe, aliyekuja kwa treni ya alfajiri, alikuwa amemshika kidole. Kinyozi alijaribu kumwita. Ikatoka sauti ya mnyama. Moyo ulimdunda hata mashine ya pembeni ikalia na muuguzi akaja mbio.

"Upo, upo," mkewe alirudia. "Wamekata ubavuni tu. Umebaki mwingi."

Ulimi ulipona polepole. Maneno yalirudi yamenenepa, na herufi moja haikurudi kabisa: treni ikawa tleni. Wateja walicheka, naye akacheka, lakini punje ya wali ikimkwaruza tu, aliacha mteja amenyolewa nusu, akaenda kwenye kioo kujimulika.

Siku ya kurudi kwa uchunguzi, yeye na mwashi walikwenda hospitali moja kwa moja. Daktari alimulika, akabonyeza shingoni, akamulika tena. Kinyozi alihesabu pumzi zake akapoteza hesabu. Alipotoka, mwashi aliruka kutoka kwenye benchi, rangi imemtoka.

"Amesemaje?"

"Amesema nifunge mdomo."

Mwashi alimkodolea macho. "Nini?"

"Amemaliza kutazama. Hakuna kitu. Nifunge mdomo, niludi baada ya miezi mitatu."

"Mwenyezi Mungu!" Mwashi alirudi kuketi kwa kishindo. "Miaka yote hii naye dada yangu anakuomba hivyo hivyo, ikabidi mpaka daktari!"

Walicheka mpaka muuguzi akawanyamazisha, na kinyozi akaketi karibu naye, akapitisha ulimi kwenye magego mara moja zaidi kabla ya kushuka ngazi.