Kasoro Nane Mlangoni

Chumba cha juu kilikuwa kitupu mwezi wa tano sasa, na baraza la mji halina utani: ukiingia wa sita, wao ndio wanaokuletea mpangaji, umpende usimpende. Bi Mkubwa alilala chini ya chumba hicho hicho, na hakutaka nyayo za mtu ambaye hakumchagua mwenyewe. Zilibaki siku tatu.

Tatizo lilikuwa karatasi. Kodi ilipangwa na baraza, na mkaguzi alipokuja kuipanga aliandika kila kasoro aliyoiona, akapiga muhuri, akaibandika karatasi mlangoni, marufuku kuibandua. Kasoro nane. Kila aliyepanda kuangalia chumba alisoma mpaka ya nne, akakumbuka ana safari. Na kuzirekebisha kwa kodi ile, labda fundi alipwe kwa dua.

Wifi yake, mwanamke asiyeshindwa na jambo, akaja na kalenda kubwa ya maua, akaitundika juu ya karatasi. "Hatujaibandua, wifi. Tumeipamba tu."

Mchana akaja mshonaji, mama wa makamo, tepu shingoni. Alikizunguka chumba, akasifu mwanga, kisha akasimama mbele ya kalenda. Ilikuwa ya mwaka juzi. Mshonaji haamini kitambaa mpaka akigeuze aone upande wa ndani, akaifunua.

Bi Mkubwa alitamani sakafu immeze, ingawa angetua kitandani kwake.

Mgeni akasoma taratibu, kidole kikishuka. Dirisha halifungiki vizuri: afadhali, pasi yake ina joto. Ngazi ya tatu inalia: atawasikia wateja wakija. Bomba linavuja: ndoo anayo. Akafika ya nane bila kukumbuka safari.

"Nilikotoka waliniambia nyumba haina kasoro hata moja," alisema. "Nikazijua moja moja, mvua ikininyeshea kitandani. Hii angalau imejitambulisha."

Akaomba kalamu. Chini ya muhuri akaandika ya tisa: mpangaji ana cherehani, kelele mpaka saa mbili usiku. "Na wewe ujue unachokichukua, mama."

Bi Mkubwa aliisoma mara mbili. Miezi mitano alikuwa akiisikiliza dari isiyosema kitu.

"Saa moja," akasema.

"Moja na nusu."

Ufunguo ukatoka mfukoni. Wifi akaishusha kalenda yake, akaikunja vizuri, akauliza kama mtaani kuna mwenye nyumba mwingine mwenye karatasi mlangoni.