Hapa na Pale

Hapa ni wapi, na pale ni wapi? Dorotea aliuliza swali hilo katika wiki yake ya kwanza kwenye kituo cha hali ya hewa cha Mwanza, na mpaka Desemba ya mwaka wa Uhuru hakuwa amepata wa kumjibu. Kila asubuhi utabiri ulitoka na maneno yale yale: mvua za radi zinaweza kunyesha hapa na pale. Ulibandikwa posta na bandarini, mbele ya watu waliokwisha kuzoea kutousoma.

"Hapa ni hapa," Bwana Shimba, mkuu wa kituo, alimjibu siku ile, akiwa ameegemea kiti. "Na pale ni pale. Umesomea kazi hii mpaka Nairobi, binti, nawe hujui hapa na pale?"

Kiti chenyewe alikirithi kwa Mzungu aliyeondoka Septemba. Alirithi pia kiko, ingawa havuti tumbaku, na namna ya kukohoa kabla ya kusema neno lisilo na maana. Lakini urithi alioupenda kuliko vyote ulikuwa sentensi ile. Mvua ikinyesha, alisema, "Si tulisema?" Isiponyesha, alisema imenyesha pale. Mwezi wa Oktoba tufani ya radi ilipopindua mtumbwi wa wavuvi na kuwazamisha, Shimba alikwenda msibani, akala, akanawa, akarudi akitangaza kwamba utabiri wa siku hiyo haukuwa na kosa hata moja. Tangu hapo Dorotea alimdharau kama anavyodharauliwa mbwa abwekaye baada ya mwizi kwenda zake.

Alasiri ya mkesha wa Uhuru, Dorotea alirusha puto la kupimia upepo wa juu. Wiki nzima maputo yalikuwa yakielekea ziwani. Hili lilipanda, likasita kidogo, kisha likageuka na kukimbilia bara, juu ya vilima vya Kiseke, kama lililofukuzwa. Akaingia ndani kusoma habari zilizotumwa kutoka Bukoba, ng'ambo ya ziwa: radi tangu mchana, mawingu mazito, upepo unaozidi. Kwa hiyo dhoruba ilikuwa inajengeka huko majini, na safari hii upepo wa juu ungeileta Mwanza, pengine kabla ya mapambazuko.

Alikuwa bado anamweleza Shimba hayo wageni wawili walipobisha hodi. Mmoja alikuwa Mzee Yunus, mfanyabiashara wa ngozi na mwenyekiti wa kamati ya sherehe. Wa pili alikuwa Mama Moza, fundi cherehani aliyeshona sare za kwaya zote za mjini.

"Shikamooni," Dorotea alisema.

"Marahaba, mwanangu. Hatukai," Mzee Yunus alisema, akakaa. "Tumefuata karatasi tu. Wasichana wa shule ya ng'ambo, pale Kamanga, wanavuka kesho alfajiri kwa mitumbwi yenye bendera, waingie bandarini wakiimba jua linapochomoza. Sasa wenye mitumbwi wanataka kwanza karatasi ya kituo. Zamani walitazama mbingu wakapiga kasia. Uhuru haujafika, wao wamekwisha kuwa waheshimiwa."

"Na mdogo wako Paskazia ndiye atakayesimama kwenye mtumbwi wa mbele," Mama Moza alimwambia Dorotea. "Gauni nimelikaza kiunoni. Asile sana leo."

Dorotea alimtazama Shimba. Shimba alikohoa.

"Mvua za radi," alisema, "zinaweza kunyesha hapa na pale."

"Hiyo hata kuku wangu anaijua," Mama Moza alisema. "Wavuke, wasivuke?"

"Mama, sayansi haisemi wavuke wasivuke. Sayansi inasema zinaweza."

"Basi kumekwisha," Mzee Yunus alisema kwa furaha. "Kinachoweza kuwa, kinaweza kisiwe. Andika hivyo hivyo, Bwana Shimba. Mbona ni maneno mazuri."

"Bwana Shimba," Dorotea alisema, "nimekwambia habari za Bukoba. Nimekwambia puto limekwenda wapi."

"Bukoba ni mbali."

"Ndiyo, ni mbali. Ndiyo maana itafika alfajiri na si sasa."

Mama Moza alicheka puani. Shimba hakucheka. Alitazama dirishani, ambako anga lilikuwa jeupe bila doa, kisha akaitazama kalamu yake mwenyewe, na Dorotea akaona woga ukimpanda usoni taratibu. Yule mtu alikuwa ameamini kila neno la Bukoba. Alikuwa amekwisha kuliona kaburi, na sasa alitafuta wa kumtanguliza.

"Zamu ni yako, Dorotea," alisema kwa upole, akiisogeza karatasi mezani. "Andika wewe. Na sahihi utie wewe. Vijana ndio wenye nchi sasa."

Dorotea akaketi. Mkono wake, uliosifiwa shuleni kwa mwandiko, ulianza wenyewe: mvua za radi zinaweza. Akausimamisha. Dharau aliyokuwa akimwekea Shimba miezi yote hiyo iligeuka ikamtazama yeye, kwa maana ni nani aliyekuwa akiyanakili maneno yale kila asubuhi kwa herufi za kupendeza?

Uhakika hakuwa nao. Katika kazi ile mwenye uhakika ni mwongo, na asiyetaka kukosea kamwe ni Shimba. Alfajiri ikipambazuka shwari, wasichana watalia ufukweni wakiwa na magauni yao, Paskazia hatamsemesha mpaka Pasaka, na Mwanza nzima itasimulia jinsi asubuhi ya kwanza ya uhuru ilivyofungiwa ziwa na binti mmoja wa maputo.

"Fikiri, mwanangu," Mzee Yunus alisema, kana kwamba amesoma mawazo yake. "Wakubwa watakuwa wamesimama bandarini. Ukikosea, watauliza jina."

"Jina wataliona."

Akaikata sentensi ile kwa mstari mmoja, akaandika nyingine chini yake, akatia sahihi. Kisha akasimama, kwa sababu aliona si adabu kumwambia mzee jambo kama lile akiwa amekaa.

"Mzee wangu, hapa ni Kamanga, na pale ni bandarini. Dhoruba naitazamia katikati yake kesho alfajiri. Nimeandika kwamba mtumbwi wowote usivuke mpaka saa nne asubuhi, na kwamba nitakuwa bandarini mwenyewe kusema lini wavuke. Isipokuja, mnicheke mimi, Dorotea. Karatasi nyingine siandiki."