Lifti Iliyosubiri Mlango Uliofungwa

Ofisini walimwita Baba Kiini, na mwenyewe aliipenda lakabu hiyo mpaka akaiandikisha kwenye kikombe chake cha chai. Kampuni yao ilitengeneza visanduku vya kuendeshea lifti, vile vya chuma vinavyoamua mlango ufunge lini na lifti ipande lini. Ndani ya kila kisanduku kuna programu moja ya chini kabisa, inayoamka kabla ya zote na kuziamrisha nyingine. Hiyo ndiyo waliyoiita kiini, na kiini kilikuwa chake. Alikiandika peke yake ujanani, kikafanya kazi siku ya kwanza, na tangu siku hiyo hakukisoma tena. Akisome cha nini? Mtu na akili zake ajikague?

Sasa, alichokiandika hakiingii kwenye kisanduku hivi hivi. Katikati kuna kompaila, programu inayochukua maandishi ya mhandisi na kuyageuza lugha ya mashine. Kwa miaka walitumia kompaila moja kongwe, vivu, iliyotafsiri neno kwa neno bila kuuliza swali. Vilipokuja visanduku vipya ikabidi waweke kompaila mpya, na hii, jamani, ilikuwa na akili. Ikiona kazi ya bure, inaifuta. Hapo ndipo lifti zilipoanza kugoma. Mlango unafunga vizuri, kisha kimya, na abiria wamo ndani wanatazamana.

"Kompaila mbovu," Baba Kiini akakata kauli, bila kufungua faili hata moja.

Akawaandikia watengenezaji wa kompaila, tena hadharani, kwenye ukurasa unaosomwa na kila mtu wa fani hiyo. Akawamwagia risala ndefu kuhusu uzoefu wake na uzembe wao, akawauliza kama wanajua wanacheza na roho za watu. Jibu likaja chai yake haijapoa: kompaila imefanya ulichoiambia, soma upya ulichoandika. Chini ya jibu hilo watu asiowajua wakapanga vicheko. Baba Kiini akanuna mpaka jioni, akasema watu wa siku hizi hawana adabu.

Aliyesoma upya ni shemeji yake. Huyu alikuwa mdogo wa mke wake, mhandisi kama yeye, aliyeingia kazini kwa usaili kama watu wengine, ingawa Baba Kiini aliwaambia wote kwamba yeye ndiye aliyemshika mkono. Akamfuata mezani na laptop.

"Shemeji, nimelipata kosa. Ni pale kiini kinaposubiri mlango ufungwe."

"Pale pako sawa."

"Nisikilize basi. Umekiambia kizunguke hapo hapo, kitazame alama ya mlango, alama ikisema umefungwa kiendelee. Kompaila inachungulia ndani ya huo mzunguko, haioni popote alama inapobadilishwa. Inasema, sasa nitazame kila saa ya nini? Inatazama mara moja, inakuta mlango wazi, basi. Mlango ukifungwa baadaye yenyewe haina habari. Inasubiri mlango ambao umeshafungwa."

"Si unaona? Kompaila jinga."

"Alama inabadilishwa kutoka nje, na kifaa cha mlango. Wewe hukuiambia hilo. Ni neno moja tu, Shemeji, tunaliweka mbele ya alama, la kusema hii hubadilika bila kukuaga, itazame kila mara. Neno moja!"

Baba Kiini akatazama saa. "Nina kikao," akasema, akaondoka. Kikao hakikuwepo. Alikwenda chooni, akajitazama kwenye kioo hadi aliposikia shemeji ameshatoka.

Bila yeye, faili za kiini hazikuguswa. Kila badiliko lilitaka nenosiri lake pamoja na sababu, utaratibu aliouweka mwenyewe ili wenzake wasije wakamharibia.

Mkurugenzi, mama mfupi asiyetaka hadithi, akamwita ofisini. "Wiki ijayo mnunuzi anakuja, na tutampandisha kwa lifti yetu wenyewe. Ikigoma, nanunua kiini cha watu wengine. Hicho chako utatafuta pa kukipeleka."

Kiini ndicho kilichompa jina, na ndicho kilichofanya watu wainuke akiingia kwenye chumba. Bila hicho angebaki na kikombe.

Akajifungia na faili. Lile neno moja hakuliweka, hata! Alipangua mistari akaipanga upya, akabadilisha majina ya vitu, na ili aone lifti inakwama wapi, akapachika kwenye ule mzunguko mstari wa kuandika maneno kwenye kioo kidogo cha lifti, kile kinachoonyesha namba za ghorofa. Maneno yenyewe yalikuwa: Baba Kiini yuko macho. Akajaribu. Lifti ikapanda, ikashuka, laini kabisa! Akatoka kifua mbele, akatangaza kwamba amewatengenezea watu wa kompaila kazi yao.

"Ni ule mstari wa maneno," shemeji akamwambia. "Unaita programu ya nje, kwa hiyo kompaila inaogopa, inarudi kutazama alama. Ni bahati tu. Njoo nikuonyeshe."

"Nina kikao."

Asubuhi ya ugeni Mkurugenzi alipanda lifti, akaona kioo kimejaa Baba Kiini yuko macho, Baba Kiini yuko macho, kutoka juu mpaka chini. Akatoka amekunja uso. "Huu upuuzi uondoke kabla mgeni hajafika."

Baba Kiini akaufuta mstari, akakipakia kiini upya kwenye kisanduku. Hakujaribu. Ajaribu nini, na ni maneno tu ameondoa? Lifti aliiponya yeye, kwa marekebisho yake makubwa.

Wakaingia watatu: Mkurugenzi, mnunuzi, na Baba Kiini, ambaye ndiye aliyebonyeza kitufe kwa kidole kilichonyooshwa kama cha bwana harusi anayevishwa pete. Mlango ukafunga vizuri. Kisha kimya.

Baba Kiini akabonyeza tena. Akabonyeza vyote.

"Tunasubiri nini?" mnunuzi akauliza.

"Mlango ufungwe," Baba Kiini akajibu, ikamtoka kabla hajafikiri. Mnunuzi akautazama mlango uliofungwa, akamtazama yeye.

Nje, fundi wa lifti akagonga akasema anao ufunguo, awafungulie? "Acha," mnunuzi akasema. "Nimeambiwa mna wataalamu. Nataka nione mnavyoitengeneza."

"Shemeji!" Sauti ya mdogo wa mke wake ikapenya mlangoni. "Nipo hapa na laptop, nimeunganisha kisanduku. Niliweke lile neno?"

"Rudisha ule mstari wa maneno!"

"Mstari gani?" Mkurugenzi akageuka. "Ule upuuzi ndio uliokuwa unaendesha lifti yangu?"

Jasho likamshuka Baba Kiini mpaka kwenye kola. Akasema kompaila hii mpya ina matatizo yake. "Kompaila tumo nayo humu?" Mkurugenzi akauliza. "Mimi nakuona wewe."

Mnunuzi akaweka mkoba wake sakafuni, kama mtu aliyekuja kulala.

"Liweke," Baba Kiini akasema.

"Sijasikia, Shemeji."

"Liweke hilo neno!"

"Nenosiri?"

Loo! Hilo alikuwa amelisahau. Akalisogelea pengo la mlango, akanong'ona. Shemeji akasema hasikii. Ikabidi apaaze sauti, mbele ya Mkurugenzi wake na mgeni wake: "Kiini hakikosei! Yote pamoja, bila nafasi!"

Mnunuzi akakohoa, akageukia ukuta, mabega yakitikisika.

"Limekubali. Na kwenye sababu niandike nini?"

Andika lolote, alitaka kusema. Lakini Mkurugenzi alikuwa anamtazama, na jina lake lilikuwa kwenye faili ile tangu ujanani. "Andika nilikosea," akasema, na safari hii aliposema hakuambiwa arudie.

Kisanduku kikazima, kikawaka. Lifti ikapanda, ikafungua mlango juu kabisa, kwenye chumba cha mikutano. Mnunuzi akanunua, kwa sharti moja: kiini akishike yule aliyekuwa nje ya mlango na laptop. Mkurugenzi akakubali hata kabla ya kukaa.

Mchana huo Baba Kiini alikaa mezani kwake, akafungua faili yake ya kwanza, akaanza kusoma kutoka juu. Hakufika mbali. Akakuta kosa lilelile kwenye sehemu ya breki, akarudi kulisoma mara ya pili. Akampigia shemeji simu, akamwomba aje alitazame sasa hivi.

"Nina kikao, Shemeji," akajibiwa, na nyuma ya sauti hiyo akamsikia Mkurugenzi akisema viti vya chumba cha mikutano vimekwisha, wengine wakae wapi.