Mashine Iliyokataa Kuamka

Salwa na Guy walikuwa na ofisi moja, dirisha moja na birika moja la chai, lakini hawakuwa wakisalimiana. Hospitali nzima ilijua. Guy ndiye aliyefunga kompyuta za kwanza pale, akapitisha nyaya kwenye dari za wodi zote kwa mikono yake. Kisha nafasi ya mkuu wa huduma ya kompyuta, chef de service, ilipofunguliwa, akapewa Salwa, binti wa wafanyabiashara wa Uvira, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka masomoni Bujumbura. Guy akaeneza maneno kwamba baba yake Salwa ameinunua ile nafasi. Maneno yakamfikia Salwa kabla ya wiki kuisha, naye hakumuuliza wala hakujitetea. Alianza kumwandikia kwenye simu tu, hata wanapokuwa wamekaa mgongo kwa mgongo.

Jumatatu moja ya mvua Salwa alifika kazini akakuta mlango wa chumba cha seva uko wazi. Guy alikuwa amechuchumaa mbele ya skrini, shati limemganda mgongoni. Kwenye skrini kulikuwa na mistari myeupe iliyosimama kimya. Mstari wa mwisho ulisema kwamba mfumo hauoni diski yake.

"Umeifanyia nini mashine?" Salwa aliuliza.

"Kwenu batu banasalimianaka vile?"

"Guy, nimekuuliza."

"Nimefanya mise à jour. Njo kazi ulinipatia, kwa message, na ma-virgule yote. Kerneli mupya imeingia bien. Nimeredémarrer, nimezima na kuwasha, haiamke."

Mise à jour ni kuupa mfumo toleo jipya, na kerneli ndiyo kiini cha mfumo, kitu cha kwanza kuamka mashine inapowashwa. Kisipoamka, hakuna kingine kinachoamka. Na katika mashine ile mlikuwa na mafaili ya wagonjwa wote. Hospitali ilikuwa imeacha kuandika kwenye karatasi tangu mvua ilipoozesha chumba cha kumbukumbu.

"Washa na kerneli ya zamani," Salwa alisema. "Iko kwenye menyu."

Guy alipangusa skrini kwa mkono wa shati.

"Guy?"

"Niliifuta. Nafasi ilikuwa ndogo. Mise à jour ilikataa, nikafuta ya zamani, nikarudilia, ikaisha."

"Umefuta njia ya kurudi nyuma!"

"Sasa piga kelele ili papa Constantin asikie. Utafurahi."

Papa Constantin, msimamizi wa hospitali, hakuhitaji kelele. Alikuwa tayari anakuja kwenye korido, na nyuma yake alitembea daktari Christine, mpasuaji, bado amevaa kofia ya chumba cha upasuaji. Docteur Christine alisema maneno machache tu. Mama mmoja ameletwa alfajiri kutoka Mumosho, anaitwa Cibalonza, utumbo umenyongwa ndani ya henia na lazima apasuliwe leo. Miaka iliyopita alipasuliwa hapahapa, na dawa moja ya usingizi nusura imuue. Ilimfunga pumzi mezani. Jina la dawa hiyo liko kwenye faili lake. Mama mwenyewe halijui, na aliyemlaza usingizi siku ile amekwisha kuhama mji.

"Nipatieni faili," alisema. "Nikichelewa, utumbo unaoza. Nikikisia, naweza kumuua miye mwenyewe."

Papa Constantin aliwatazama wale wawili kama mtu anayetazama takataka zilizomwagwa mlangoni kwake. "Musinielezee. Muiamshe."

Walipoondoka, Salwa alitoa flashi kwenye mkoba. Ndani yake mlikuwa na mfumo mzima wa dharura. Mashine ikiwashwa kutoka kwenye flashi, mtu anaweza kuingia ndani ya diski na kuitengeneza. Aliichomeka, akawasha. Mashine ilidai neno la siri kabla ya kukubali flashi.

Neno hilo aliliweka Guy siku alipoifunga mashine. Salwa hakuwahi kuliuliza, kwa sababu kuliuliza kulitaka kusema naye.

"Nipe mot de passe."

Guy alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani. "Sema, Guy, tafazali, nisaidie."

"Mugonjwa anakufa."

"Ni maneno mafupi. Mwaka yote tangu ulipatiwa ile kazi, hukunisemeshaka kama muntu. Sema leo."

Hapo msichana mmoja akasukuma mlango. Alikuwa na matope hadi magotini, na kitenge alichomfungia mama yake tumboni njiani bado amekikunja kwapani. Ni Ornella, binti wa Cibalonza. Wauguzi walikuwa wamemwambia ni nani wanaochelewesha.

"Ni nyie?" alisema. "Mama analia kule. Nyie munabishana juu ya tafazali?"

Salwa alihisi uso unawaka chini ya mtandio. "Guy, tafazali, nisaidie," alisema, akitafuna kila neno.

Guy alipita mbele yake, akaandika neno la siri huku akifunika vidole kwa mkono wa pili, kana kwamba Salwa ni mwizi. Flashi ikakubaliwa. Ornella hakutoka, alisimama pembeni ya mlango, na hakuna aliyethubutu kumfukuza.

Diski ilikuwa nzima. Mafaili yote yalikuwamo, lakini yamefungwa ndani ya programu ambayo haifunguki mpaka mashine yenyewe iamke. Salwa alitazama ile sehemu ndogo ya diski inayoshika vitu vya kuwashia. Ilikuwa imejaa mpaka mdomoni. Kerneli mpya ilikuwamo, lakini kifurushi kinachotembea nayo, chenye vifaa vya kuiwezesha kuona diski, kilikuwa kimekatika katikati kwa kukosa nafasi. Kerneli ilikuwa inaamka kipofu.

"Iliandika kosa hapa," Salwa alisema, akigonga skrini kwa kucha. "Nafasi imeisha. Hukusoma."

"Ilikuwa mistari mingi."

"Hukusoma!"

Alifuta kile kifurushi kilichokatika na uchafu mwingine wa zamani, akaagiza kingine kitengenezwe, akazima, akatoa flashi, akawasha. Wote watatu walitazama. Mistari ilipanda, ikasimama palepale pa kwanza.

Guy alicheka, kicheko kikavu. "Chef de service! Umetengeneza kifurushi cha kerneli ya flashi, siyo cha kerneli ya mashine. Haukuangalia numéro. Na huyu njo banamuitaka ingénieur."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomuuma zaidi. Salwa alirudisha flashi mahali pake, akawasha tena.

"Kama ungechunga ile sehemu isijae, hatungekuwa hapa," alisema.

"Nani angejua imejaa? Ma-alerte ya diski kujaa yanaendaka kwako peke yako. Wewe njo ulijitiaka peke yako kwenye ile liste. Kama hukujua wewe, mimi ningejua wapi?"

"Mimi nilijua!"

Lilimtoka kabla hajalishika.

"Ulijua," Guy alisema.

Salwa alimgeukia. Hakukuwa na njia ya kulirudisha. "Nilijua. Nilijua itajaa, nilijua ni wewe utafanya mise à jour. Nilinyamaza. Nilitaka ikukatalie, papa Constantin aone. Nilizani utashindwa kuiingiza tu, basi. Sikuzani utafuta ya zamani."

Ni Ornella aliyesonga mbele. Hakupiga kelele. Alimpiga Salwa kofi moja, zito, la mkono uliozoea jembe, kisha akarudi pale mlangoni.

"Malizia," alisema.

Salwa alimalizia. Machozi yalimtoka jicho la upande uliopigwa, naye akaandika bila kuyafuta. Guy alichuchumaa karibu yake akamsomea namba ya kerneli ya mashine, tarakimu baada ya tarakimu, kwa sauti isiyo na matusi wala huruma. Waliagiza kifurushi tena. Walikikagua kama kimekamilika, wakaandika upya menyu ya kuwashia. Walipowasha, mistari ilipanda, ikapita pale ilipokuwa ikisimama, ikaendelea, na mwishoni mashine ikauliza jina la mtumiaji.

Guy alikimbia mwenyewe kwenda kumwita docteur Christine. Daktari alisoma jina la dawa akiwa amesimama, akalirudia mara mbili, akaondoka bila kusema asante.

Cibalonza alipasuliwa mchana ule. Kipande cha utumbo kilikuwa kimekwisha kuoza, kikakatwa. Docteur Christine alisema, mbele ya wote kwenye korido, kwamba angeanza mapema kisingekatwa. Mama aliishi.

Papa Constantin aliwaita jioni. Guy alieleza alichokifanya: alifuta, hakusoma, akazima. Habari ya zile alerte hakuigusa; akamtazama Salwa. Alimwachia mlango wazi, na Salwa alielewa kwamba hakuwa anamhurumia. Alitaka kuona atafanya nini. Salwa alisema yote. Ornella alikuwa ameshamwambia papa Constantin kabla yake.

Salwa alivuliwa ukuu wa huduma siku ileile. Guy aliandikiwa onyo, lakini ukuu ukawa wake, kwa kuwa hakukuwa na mwingine. Virginie wa mapokezi alipomwambia hongera, Guy alimjibu asirudie neno lile. Alihamisha meza yake ikaelekea ya Salwa, ana kwa ana. Wakaanza kusemeshana, maneno ya kazi tu, makavu kama maharage yasiyo na mafuta, lakini yalisemwa kwa mdomo.

Kabla Cibalonza hajaruhusiwa kurudi nyumbani, Salwa alimkuta Ornella uani, anakamua nguo za mama yake kwenye bomba.

"Mama anaendelea aje?" alimuuliza.

Ornella aliendelea kukamua. Alitundika kanga, akatundika shuka, akainua beseni tupu na kuingia wodini. Salwa alisubiri kidogo pale uani, maji ya nguo yakimdondokea karibu na miguu, kisha akarudi ofisini, ambako Guy alikuwa anamngoja na orodha ya mashine zilizobaki kufanyiwa mise à jour.