Tawi Bichi Njiani

Tangu mashini ya kupasua mbao ianze kulia mlimani, Célestin hali chakula ameketi. Husimama mlangoni, sahani ya bukari mkononi, sikio limeelekea juu.

"Baba Esther, ata mbuzi inakunja magoti ikichoka," mkewe Victorine alimwambia. "Kaa chini."

"Inakata libuyu."

"Unajua namna gani?"

"Inalia muda murefu."

Msitu ule ulio juu ya kijiji cha Wamaza ni wa ukoo wao, na haujalimwa tangu kuumbwa. Miti yake ya libuyu ni minene hivi kwamba wanaume watano wakishikana mikono hawaumalizi mmoja. Chini yake baridi haitoki hata jua la saa sita, na chemchemi tatu huzaliwa humo, zikanywesha vijiji vyote vya bondeni. Célestin aliupenda waziwazi, bila haya, kama wengine wanavyopenda mtoto wa mwisho.

Na aliyeileta mashini ni yeye. Mwaka uliopita watu wa mazingira kutoka Kasongo walimweleza kwamba ukoo waweza kupewa karatasi ya msitu, mradi mpaka wake uonekane kwa macho. Célestin hajui kufanya jambo nusunusu. Miezi miwili alifyeka njia ya kuuzunguka mlima mzima, hadi panga likabaki kipande. Ikawa njia nzuri, baiskeli inapita. Zamani mbao hazikuwa na pa kutokea. Sasa Pitchou, mwenye mashini, na wenzake walizishusha kwa baiskeli, tena juzi Pitchou alimsimamisha kumshukuru.

"Papa Célestin, Mungu akubariki kwa ile njia. Kama si weye, mbao zingeozea mule."

Hakuwa anamdhihaki, na hilo ndilo lililomchoma. Célestin alikuwa amejipalia makaa mwenyewe.

Jumatatu asubuhi alipanda mlima, akavunja tawi bichi, akalilaza mdomoni mwa njia. Kwao, tawi likilazwa na mwenye ardhi halivukwi na mtu, awe wa msikiti au wa kanisa. Ila lina sharti: aliyelilaza akiliondoa hata mara moja, kwa ajili ya yeyote, njia imefunguka kwa wote na tawi halilazwi tena. Pitchou alilikuta, akazima mashini, akashuka. Hakugomba. Aliketi kando ya baiskeli zake akangoja, maana alijua kuwa Alhamisi watu wa Kasongo wanakuja kupima mpaka, nao hawana njia nyingine ya kupitia.

Siku hizo tatu Célestin hakutulia. Alikwenda njiani, akarudi nyumbani, akaenda tena, mpaka Victorine akamwuliza kama anachimba mfereji kwa miguu.

Alhamisi alifika Raphaël, afisa wa mazingira, mzaliwa wa Kasongo. Alipoliona tawi alizima pikipiki, naye hakulivuka.

"Papa, ondosha hii tawi tupime. Saa moja tu, kisha unairudisha."

"Hairudi, mwanangu. Unajua."

"Najua. Lakini bila kupima, karatasi haiko. Na mwaka kesho hawatatutuma tena."

Pitchou alikuwa amekwisha kushika usukani wa baiskeli yake. Célestin aliitazama njia aliyoifyeka kwa mikono yake. Aliwaahidi wazee karatasi. Angewaambia nini? Akatazama juu, pale vilele vya libuyu vilipoziba mbingu.

"Rudi tu," alisema. "Andika kama mupaka hauonekane."

Raphaël akaandika. Pitchou akatema mate chini, akageuza baiskeli.

Nyumbani Victorine alimsukumia kiti. Célestin akaketi. Tonge la pili halijafika mdomoni, mvumo mzito ukapita juu ya paa, naye alikwisha kusimama, sahani mkononi.

"Ni hondohondo, Baba Esther. Ni mabawa yake tu."

"Najua," alisema, akamalizia chakula chake akiwa amesimama mlangoni.