Walii wa Hindu

Bashir anauza vipuri vya magari mtaa wa Kisenyi, na hana mdomo mtamu. Atakutajia ubovu wa kitu kabla hujauliza bei. Kwa hiyo Hindu, binti yake, alipomwona akiingia chumbani na kanzu mpya, uso umemshuka, alijua kuna jambo.

Ilikuwa siku ya nikaha yake. Sebuleni, katika nyumba yao ya Kansanga, wanaume walikuwa wameshaketi na sheikh, na baba huja kwanza kumwomba bibi harusi idhini ya kumwozesha. Zahara, mama mtu, alikuwa akimrekebisha binti yake ushungi.

"Baba Hindu, nakuomba, usiseme," alimwambia mumewe.

Bashir akasema.

"Hindu, mimi nilikulea tu, sikukuzaa. Nilimuoa mama yako wewe bado unanyonya. Baba yako ni Mkenya, alirudi kwao, na kwa kuwa ni Mkristo hawezi kukuozesha. Leo nikijiita walii wako, mwenye haki ya kukuozesha, nitamdanganya sheikh na ndoa yako itakuwa na kasoro. Siwezi kukuharibia ndoa ili mimi nibaki baba."

Huyu ndiye aliyembeba mabegani mtaro wa Nakivubo ulipofurika, huku viatu vyake mwenyewe vikisombwa. Sasa amwite nani baba?

Bashir alikuwa amesharudi sebuleni. Angeweza kumvuta sheikh pembeni akamnong'oneza, heshima yake ikabaki. Lakini sheikh alipouliza walii ni nani, alijibu mbele ya wakwe na majirani kwamba si yeye, na kwamba binti hana ndugu Mwislamu upande wa baba mzazi. Minong'ono ikaanza. Hindu aliisikia yote nyuma ya pazia, na akamwona Bashir mkubwa kuliko alivyowahi kumwona. Wa kumvulia kofia ni mtu kama huyo.

Sheikh akasema kwamba asiye na walii huozeshwa na kadhi, na yeye ndiye aliyepewa idhini ya kadhi. Kisha akamteua Bashir awe wakili wake, amwozeshe Hindu kwa niaba yake.

Bashir akarudi, akasimama mlangoni kama mgeni.

"Sheikh amenituma. Unakubali nikuozeshe?"

Bibi harusi hujibu kwa kunong'ona, au hunyamaza tu, na watu wakaridhika. Hindu aliinuka, akapaza sauti hadi sebule nzima ikasikia.

"Nimekubali, baba. Niozeshe."