Kibati cha Torcuil

Haya niliambiwa na shangazi yangu Ceit, ile wiki tuliyochambua sufu pamoja, majira yake ya mwisho ya baridi hapa duniani. Alikuwapo kanisani siku yalipotokea, benchi moja na Peigi, rafiki yake.

Peigi alikuwa binti wa mzee Ruairidh, mzee wa kanisa letu hapa kisiwani. Aliyempenda ni Torcuil, mfumaji, kijana mpole aliyekuwa akicheka peke yake kwenye mtambo wake. Hakukosa ibada hata moja. Lakini kwetu kuja kanisani ni jambo moja, na kukaa kwenye Meza ya Bwana ni jambo jingine. Wapo waliozeeka kwenye viti vya nyuma bila kuthubutu kuisogelea, na hakuna anayewacheka.

Ruairidh alikuwa amesema neno moja tu: "Binti yangu haolewi na mtu wa viti vya nyuma."

Basi Meza ilipokaribia, mwezi wa sita, Torcuil akaenda Jumamosi mbele ya wazee. Wakamuuliza Mungu amemtendea nini moyoni. Akajibu vizuri sana, mpaka mzee mmoja akafuta machozi. Wakampa kibati, kile kidogo kama kifungo cha koti, ambacho bila hicho huwezi kuketi Mezani.

Peigi alipokutana naye kisimani wakichota maji ya Jumapili, maana siku ya Sabato hayachotwi, hakuweza kuficha furaha.

"Wamekupa?"

"Wamenipa."

"Mbona uso kama umefiwa?"

"Maji yamenimwagikia viatuni," Torcuil akasema, na viatu vyake vilikuwa vikavu kabisa.

Siku ya pili kanisa likajaa. Zaburi ikaanza, taratibu, na wenye vibati wakainuka mmoja mmoja kwenda kwenye meza ndefu yenye kitambaa cheupe. Peigi alikwishaketi. Torcuil naye akainuka. Ruairidh ndiye aliyekuwa akipokea vibati, amesimama mwanzo wa meza na kiganja wazi.

Torcuil akafika. Mkono wake ukatoka mfukoni, lakini haukufunguka. Ceit alisema watu waliimba mstari mzima wakati wale wawili wamesimama hivyo. Kisha Torcuil akageuka, akarudi nyuma kabisa, akakaa pamoja na wale waliozeeka bila kuthubutu, mbele ya macho ya parokia nzima.

Baada ya ibada Ruairidh alimkuta ukutani, nje. Peigi na Ceit walikuwa nyuma ya mzee.

"Umeniaibisha, kijana. Umemwaibisha na huyu."

"Najua, mzee." Torcuil akamkabidhi kibati. "Nilichosema jana si changu. Ni maneno yako. Nimekusikia ukiyaomba katika ibada ya kila Jumatano kwa miaka sita, nikayashika kwa moyo. Mimi sijui bado Mungu amenitendea nini. Ninajua tu kwamba nilimtaka Peigi, nikaona njia ni hiyo."

Ruairidh alikigeuza kile kibati mkononi.

"Niliyatambua," akasema mwishowe. "Neno kwa neno. Nikapendezwa. Nikasema, kijana huyu ananisikiliza." Akatazama chini. "Ilinipasa nikuulize zaidi. Sikutaka."

Peigi akapita katikati yao.

"Ungekitoa hicho kibati, Torcuil, tungeoana kabla ya mavuno."

"Ndiyo."

"Na ningelala miaka arobaini ubavuni mwa mtu nisiyemjua."

"Sasa unamjua. Mtu wa viti vya nyuma."

"Viti vya nyuma vina baridi," Peigi akasema. "Utahitaji soksi nzuri. Nitakufumia." Akamgeukia baba yake. "Baba, mimi nimwombee huyu akiwa nyumbani kwangu, au nimwombee akiwa kwake? Maana kumwombea nitamwombea tu."

"Leo ni Sabato," Ruairidh akasema. "Mambo ya harusi hayasemwi Sabato. Yatasemwa Jumanne."

"Kwa hiyo yapo ya kusemwa."

Mzee akashika njia. Bila kugeuka, akasema, "Jumanne tunabeba udongo wa moto kutoka nyikani. Mgongo wa ziada hautakataliwa, Torcuil."

Ceit alisema huku kwetu hakuna baba anayemwita kijana kubeba udongo wa moto wa nyumba yake, ule unaokaushwa na kuchomwa badala ya kuni, kama hajakubali aje kuuota.

Jioni ile watu walikula viazi na samaki wa chumvi vilivyopikwa jana yake, vya baridi, kama kawaida ya Sabato. Torcuil alirudi kwake akalala na viatu miguuni. Wiki nzima alikuwa hajapata usingizi. Peigi alianza kuomba, akasinzia kabla ya kufika kwenye jina la Torcuil.

Akabaki Ruairidh. Haya aliyakiri mwenyewe miaka mingi baadaye, mbele ya watu. Alipiga magoti kando ya kitanda, mwanga wa kiangazi, ambao huku hauzimi mapema, bado dirishani, na kila neno lililomjia aliona amekwisha kulisema mara mia. Akayaacha yote. Akakaa hivyo hivyo mpaka magoti yakamuuma. Kisha akasema, "Bwana, hata mimi sijui," akapanda kitandani, akavuta blanketi, akalala.